Mgogoro Ulianza Lini?

Msaidizi wangu wa zamani ameniomba barua ya mapendekezo, kwani naye anaomba ufadhili wa mafunzo ulionipeleka New York, na katika fomu yake kuna swali linalomtaka ataje mgogoro anaoushughulikia na mwaka ambao mgogoro huo ulianza. Amelijibu kwa mstari mmoja. Nimelisoma jibu lake, na barua imekwama hapo.

Ya New York ni mengi: semina, ziara za mashirika na andiko la mradi ambalo kila mmoja wetu alitakiwa kurudi nalo kwao nayaacha kando. Ninayoikumbuka ni alasiri ambayo mwezeshaji alibandika ukutani karatasi ndefu, akatugawia kadi na kusema kila mtu aandike mwaka ambao mgogoro wa kwao ulianza. Wa kwanza kuinuka walikuwa wenzetu wawili wa Saiprasi, mmoja Mgiriki na mwingine Mturuki. Mgiriki aliandika 1974, mwaka ambao majeshi ya Uturuki yaliingia kisiwani. Mturuki akabandika yake upande wa kushoto, kama shibiri moja hivi: 1963, mwaka ambao jamii hizo mbili zilianza kumwagiana damu. Hawakubishana. Mgiriki aliitazama kadi ya mwenzake, akaona pembe yake inabanduka, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika, kisha akarudi kuketi. (Kamati ya kuwatafuta waliopotea kisiwani humo, iliyoundwa mwaka 1981, haikuchagua kati ya kadi hizo: inawatafuta wa 1963 na 1964 pamoja na wa 1974.)

Zamu yangu ilipofika, nami niliandika 1963, kwa sababu sheria ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya iliipa tume kipindi cha kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi 28 Februari 2008. Yule Mturuki akaniuliza kwa upole, "Na walioteswa kabla ya uhuru, kesi yao wanaipeleka kwa nani?" Nikamjibu kama mwanasheria, kwamba tume iliruhusiwa kuutazama ukoloni kama chimbuko la yaliyofuata. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi jibu hilo halikunikolea. Tume ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Mwezi uliofuata Uingereza ikatangaza kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni mwaka 1952, nao walikuwa wameipata kwa kuishtaki mahakamani London, si kwa kusubiri tume.

Bado naamini kwamba tume isiyowekewa mpaka wa miaka haitamaliza kazi, na wanaodai kila kitu kisikilizwe mara nyingi hawajawahi kuandaa hata kikao kimoja cha ushahidi. Lakini nikiisogeza kadi yangu hadi 1952, Wamaasai walioondolewa kwenye ardhi yao kwa mkataba wa 1904 watauliza kwa nini nimeishia hapo, na sina la kuwajibu.