Nilivyoanza kuhesabu mwendo wa gari kwa ghorofa

Fundi alikanyaga breki mara tatu, akaingia uvunguni mwa gari, akatoka akijifuta mikono. "Bosi, breki zako nzima. Ulikuwa mwendo gani?" Nikamwambia 80. Mahali penyewe palitaka 60. Hakunijibu, akaendelea kunyoosha bampa.

Siku mbili kabla nilikuwa nimeligonga kwa nyuma lori lililosimama. Hakuna aliyeumia, ila mimi niliapa kwamba breki ndizo zilizoniangusha. Hesabu yangu ilikuwa hivi: 80 imezidi 60 kwa theluthi moja tu, basi na umbali wa gari kusimama baada ya kukanyaga breki utaongezeka kwa theluthi moja. Nafasi hiyo nilikuwa nayo, na nikaigonga ile lori vilevile.

Kanuni ya nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kinachokwenda, niliikariri shuleni kama wimbo: nusu ya tungamo (kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu), mara kasi, mara kasi tena. Hiyo kasi ya pili sikuwahi kujiuliza imefuata nini pale. Safari hii niliamua kuitafuta kwa mikono yangu.

Nilichukua rula yenye mfereji katikati, gololi moja kubwa, kikombe cha karatasi na vitabu vinne vya unene mmoja. Rula inaegemea kitabu, gololi inateremka, inaingia kwenye kikombe kilicholazwa mezani na kukisukuma. Jioni ya kwanza niliipoteza bure, kwa sababu kikombe kilikuwa kinabiringika. Nilipokikata kwa urefu na kukifunika mezani kama pango, kikatulia. Kitabu kimoja kilikisogeza sentimita 4, viwili karibu 8, vinne 15 na kitu. Kumbe urefu ukiongezeka mara mbili, nishati nayo huongezeka mara mbili.

Kasi je? Nikaondoa kikombe, nikasogeza rula hadi ukingoni mwa meza na kuiacha gololi iruke hadi sakafuni. Muda wa kuanguka kutoka mezani haubadiliki, kwa hiyo gololi ikifika mbali mara mbili, ilitoka na kasi mara mbili. Kwa kitabu kimoja ilitua sentimita 24 kutoka mezani. Kwa vitabu viwili niliitegemea 48. Haikufika hata 35. Hiyo 48 nilikuja kuikaribia kwa vitabu vinne.

Nilikaa sakafuni nikiitazama ile alama ya chaki. Ili gololi ipate kasi maradufu, ilibidi niipandishe mara nne. Na gololi hiyohiyo ya vitabu vinne ndiyo iliyosukuma kikombe karibu mara nne. Ile kasi ya pili kwenye kanuni ilikuwa inadai haki yake.

Hapo ndipo nilipoikumbuka rola kosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuteremka vilima vya reli, niliyowahi kupanda, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Treni ile haina injini. Mnyororo huivuta mara moja hadi kilele cha kwanza, na kuanzia hapo inaishi kwa akiba ya urefu ule. Ndiyo maana vilima vinavyofuata haviwezi kukizidi cha kwanza, maana msuguano na upepo huila akiba hiyo njia nzima. Ukiteremka mita 20, chini unakuwa na kasi ya takriban kilomita 71 kwa saa, uwe mwembamba au mnene, kwa kuwa tungamo hujifuta kwenye hesabu. Kasi hiyohiyo ndani ya gari naiendesha kwa mkono mmoja huku nikipiga soga! Mwili hauna mlango wa kuihisi kasi yenyewe. Unachohisi ni kasi inapobadilika, na barabara iliyonyooka haibadilishi kitu mpaka pale unapogonga.

Basi nikaigeuza hesabu: kila kasi ya gari, ingetokana na kuanguka kutoka urefu gani? Kilomita 30 kwa saa ni mita 3.5, yaani kama kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida. 60 ni mita 14. 80 ni mita 25, na 120 ni karibu mita 57. Ukihesabu mita 3 kwa ghorofa, kutoka 60 hadi 80 nilikuwa nimejipandisha zaidi ya ghorofa tatu kwa kuongeza mafuta kidogo tu, na breki ilitakiwa kuzishusha zote kwa kuzigeuza kuwa joto.

Kilichonimaliza ni hesabu ya mwisho. Magari mawili yenye breki sawa yaanze kufunga breki mahali pamoja, moja likiwa na 60 na jingine 80. Pale lile la kwanza linaposimama kabisa, la pili bado linakwenda kilomita 53 kwa saa. Si 20, kama ambavyo ningebisha. Na hapo sijaweka ile sekunde ambayo mguu unahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki.

Nilibandika karatasi ndogo kando ya mshale wa spidi: 30, 60, 80, 100, na mbele ya kila namba urefu wake. Wiki za mwanzo ilinikera, nikawa naisoma hadi kwenye foleni. Nilipompelekea fundi gari kubadilisha mafuta ya injini aliiona, akauliza ni ya nini, nikamweleza na gololi zake zote. Sasa kila nikifika gereji hanisalimu kwanza. Ananiuliza, "Bosi, leo umetokea ghorofa ya ngapi?"