Chubwi la Mjomba na Kilima cha Kinangoni

Mjomba wangu anavua kwa mshipi nyuma ya Mji wa Kale wa Mombasa, na machubwi yake, vile vizito vya kuzamisha ndoana, anayatengeneza mwenyewe. Anatia vipande vya risasi ndani ya kopo la maziwa, anaweka juu ya jiko la makaa, na kabla chai haijachemka risasi imeshakuwa uji. Inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, kwa hiyo jiko la kawaida linatosha. Jioni moja nilimuuliza risasi hutoka wapi.

"Dukani," akasema, wala hakuinua macho.

Nikakumbuka somo la jiografia. Kwenye madini ya Kenya kulikuwa na magadi ya Ziwa Magadi na floraspa ya Bonde la Kerio, halafu mstari mmoja mfupi ambao mwalimu aliupita mbio: risasi na fedha, Kinangoni, Pwani. Pwani yetu hii, na mtaani kwetu sijasikia mtu aliyewahi kwenda!

Nilidandia matatu ya Mazeras saa moja asubuhi. Kisiwa cha Mvita ni tumbawe tupu, mwamba ulioachwa na bahari iliyokuwa juu zaidi kuliko ya leo, na umri wake ni kama miaka 125,000. Kwa mawe hakuna umri hapo. Ukishavuka Makupa na kupanda Changamwe, tumbawe linakwisha na udongo mgumu wa matabaka unajitokeza kwenye kingo za barabara. Hiyo ni tope ya bahari ya zamani ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150, na ndani yake wameokotwa amonaiti, wale jamaa wa kale wa ngisi na pweza wenye makombe yaliyojikunja kama kata ya mzigo. Abiria mwenzangu aliniona nimebandika uso kwenye kioo akauliza kama natafuta kiwanja.

Upande wa Mikindani nilinyamaza kidogo. Pale kuna kijiji cha Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha amri ya kulipa fidia hiyo. Risasi mwilini haina kazi hata moja. Nilifikiria kopo la maziwa la mjomba na ule moshi wake, nikaona nitakuwa na neno la kumwambia nikirudi.

Mazeras kila mtu anaijua kwa mawe yake, yale mabapa ya rangi ya kahawia na manjano yanayopangwa kwenye vibaraza na kuta za nyumba za wenye nazo. Ni mchanga wa mito ulioshikana kuwa jiwe yapata miaka milioni 200 iliyopita, na humo hupatikana miti iliyogeuka mawe. Kwa hiyo kadiri unavyoipa bahari mgongo ndivyo ardhi inavyozeeka. Mchanga huo ulipokuwa ukilala, Madagaska ilikuwa bado imeshikamana na Afrika. Ilipoanza kujibandua, pwani yote ilipasuka nyufa ndefu, na nyufa hizo ndizo zilizoleta madini. Maji ya chumvi yenye moto yalipanda kutoka chini yamebeba risasi, zinki na baraiti, yakapoa njiani, na mzigo yakauacha humo humo kwenye mipasuko.

Kutoka Kaloleni nilichukua bodaboda. Nilipigwa bei ya mgeni, nikalipa. Minazi ilipungua, vumbi likazidi, na kijana wa boda akaniacha kwa mzee mmoja anayesema aliwahi kubeba mawe pale akiwa kijana. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akacheka aliposikia nimetoka Mombasa kuja kuangalia mawe.

Nilikuwa nimetarajia kuona mgodi. Nilichoona ni miiba, nyasi, mbuzi, na malundo ya kifusi ambayo mvua imeyalainisha kingo. Nikaanza kuokota kila kinachong'aa. Mzee akaniacha nihangaike, halafu akasema: "Usitazame, mwanangu. Pima." Akaniwekea mawe mawili, moja kila kiganja, makubwa sawasawa. La kulia lilikuwa jiwe la kawaida. La kushoto lilinivuta mkono chini kama lina mtu ndani.

Hiyo ndiyo galena, risasi iliyoungana na salfa. Kwa uzito, karibu asilimia 87 yake ni risasi, na ni nzito mara saba na nusu kuliko maji. Fedha imejificha humo kidogo kidogo, na njia ya kuitoa ina maelfu ya miaka: unayeyusha risasi, unaipuliza hewa mpaka yote iwe kama jivu, na chini inabaki tone jeupe lisilokubali kuungua.

Hapo nilicheka peke yangu. Masonara wetu walikuwa wakiyeyusha riale za Maria Theresa kutengeneza mikufu na vikuku, sarafu zenye mwaka 1780 zilizovuka bahari kutoka Austria, na kumbe fedha nyingine ilikuwa hapa nyuma ya minazi, imelala na risasi kitanda kimoja. Kiswahili nacho kimefanya yake: fedha ni madini na ni pesa, risasi ni madini na ni kile kitokacho kwenye bunduki.

Mzee alinipa kipande kidogo. Nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikanawa mikono kabla ya kula mihogo ya Kaloleni, nikafika nyumbani baada ya isha.

Mjomba alikipima kiganjani, macho yakamtoka. "Hili ni chubwi tayari!" Akakigonga kwa kitako cha kisu kabla sijamzuia. Galena haina ulaini wa risasi. Ilipasuka vijumba vidogo vya mraba, kila upande laini kama kioo. Akavigeuzageuza chini ya taa.

"Na hiyo fedha i wapi?"

"Imo humo humo, mjomba. Haionekani kwa macho."

"Aa," akasema, "kama ya chama chetu cha wavuvi."