Jinsi nilivyookoa tunguu la Crinum kwenye tangi la samaki

Crinum thaianum, mmea wa maua meupe kutoka mito ya kusini mwa Thailand, huota kutoka kwenye tunguu linalofanana kabisa na kitunguu maji. Langu lilifika limeanza kuoza: maganda ya nje laini, ya kahawia, yananuka. Nilimenya yote yaliyooza hadi nikafikia nyama nyeupe, ngumu, nikakata mizizi iliyokufa. Kisha nikapanda mizizi tu mchangani, tunguu karibu lote likabaki juu. Hapo ndipo penye siri, maana likifukiwa zima huoza tena. Kidonge cha mbolea nilikichomeka kando ya mizizi. Majani mapya yamerefuka, yametandaa juu ya maji, na ubavuni kumechipuka kitunguu kichanga. Sikibandui mpaka kiwe na mizizi yake.