Muhogo Haungoji Lori

Huu ni mwaka wa nne nikiwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi anayosoma mwanangu wa mwisho, huku upande wa Pongwe, mkoani Tanga, na katika miaka yote hiyo hakuna ajenda iliyotuchukulia muda mrefu kama chakula cha mchana. Tangu Januari 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila ada wala michango ya lazima, chakula cha shuleni kwetu kimebaki kuwa jambo la makubaliano ya wazazi: mwenye mahindi na maharage huleta, asiye navyo hutoa fedha, na asiye na hata kimoja humpa mtoto wake pole asubuhi. Kilichozoeleka kupikwa ni makande, Jumatatu hadi Ijumaa, na wengi wetu tumezoea kuona hivyo ndivyo chakula cha shule kinavyopaswa kuwa.

Sina ugomvi na makande, maana mahindi na maharage yakikutana katika chungu kimoja mtoto amepata mlo wa maana. Ugomvi wangu ni kwamba mahindi hayo hatuyalimi ya kututosha, kwa hiyo hununuliwa kwa mfanyabiashara, huja kwa lori kutoka mbali, na bei yake hupanda wakati uleule wa masika ambapo maghala ya wazazi yamekwisha. Mwaka juzi tuliletewa magunia manne, mawili kati yake yakiwa na harufu ya uvundo, na kwa jinsi sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ilivyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hatukuthubutu kuyapeleka jikoni. Aliyetuuzia hakurudisha hata shilingi.

Wakati huohuo, umbali wa nusu saa kwa baiskeli kutoka shuleni, muhogo umesimama mashambani bila mnunuzi. Zao hili lina tabia mbili zinazopingana. Likiwa ardhini halina haraka. Muhogo uliokomaa kwa miezi tisa au kumi na miwili unaweza kubaki chini miezi kadhaa zaidi ukimsubiri mwenyewe, na ndiyo maana wazee waliuita ghala lisilohitaji paa. Lakini ukishang'olewa hauna subira hata kidogo: siku ya pili au ya tatu nyama yake huanza kuingia mistari ya rangi ya samawati iliyokolea, na baada ya hapo hata mbuzi husita kuula. Mahindi yameumbwa kwa safari, na muhogo umeumbwa kwa jirani. Mkulima mdogo anayeshindwa kuufikisha sokoni ukiwa mzima hana mteja bora kuliko sufuria kubwa lililo karibu, lenye idadi ya walaji inayojulikana, na siku ya kupika inayojulikana tangu mwanzo wa muhula.

Nilipolifikisha jambo hili kwenye mkutano wa wazazi, kipingamizi hakikuwa hesabu, kilikuwa kuona haya. Mzazi mmoja alisimama akasema, "Mwanangu muhogo anaukuta nyumbani, shuleni namtaka ale chakula." Watu walicheka, na kucheka kwao kulinitosha kujua kwamba alisema la wengi. Huyohuyo jioni utamkuta Ngamiani, mjini Tanga, amesimama mbele ya karai la mihogo, akisubiri kutiliwa chachandu, na bei hana habari nayo. Muhogo wa kununua ni starehe, muhogo wa shamba ni njaa. Sijui ni lini tulikubaliana hivyo, lakini tulikubaliana.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Watoto 280, kila mmoja gramu 300 za muhogo uliomenywa, ni kilo 84, na ukirudisha maganda juu yake unahitaji kama kilo 112 kutoka shambani. Mashamba yetu si ya maonyesho, shina moja hutoa kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo kila siku ya kupika tungeng'oa mashina 75. Kwa siku mbili kila juma, katika majuma 39 ya masomo, mashina hayo hayafiki 6,000, nayo yakipandwa kwa nafasi ya mita moja kila upande yanaenea katika ekari moja na nusu. Tulipata wakulima watatu, tukaanza kwa siku moja kwa juma.

Jumatano ya tatu ndipo nilipojifunza. Mkulima alifika saa kumi na mbili asubuhi na magunia mawili juu ya baiskeli, muhogo mnene, ganda safi, udongo bado mbichi. Bibi mpishi alikata wa kwanza akanyamaza, akakata wa pili, kisha akaniita: "Njoo uone, mwanangu." Ndani ya nyama nyeupe kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Tulipomaliza kuchambua, karibu nusu ya mzigo ilikuwa ya kutupwa. Mkulima aliapa kwamba mashina yake yalikuwa ya kijani tupu, na hakusema uongo, kwa sababu huo ndio ubaya wa ugonjwa wa michirizi ya kahawia: batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, hujitangaza kwa kukunja majani, ilhali huu mara nyingi huacha shina limependeza na kuozesha mzizi kimyakimya.

Inafaa kukumbuka kwamba ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika mkoa huuhuu. Mwaka 1936 mtafiti Storey aliuandika akiwa Amani, katika kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 juu kwenye Usambara Mashariki. Hapohapo Amani watafiti waliuzalisha muhogo kwa kuuchanganya na mpira, ule mti tunaouchuma majani kwa kisamvu cha mpira, ili kuupa ukinzani. Kwa hiyo ukila kisamvu cha mpira kwa nazi, umekula majani ya mti uliopata kuukopesha muhogo kinga yake. Ugonjwa husambazwa na inzi weupe, lakini zaidi na sisi wenyewe, tunapoomba pingili za kupanda kwa jirani bila kupasua mzizi wa shina lililozitoa.

Ipo hoja ya lishe pia, na hapo mpinzani wangu wa mkutanoni alikuwa na nusu ya haki. Muhogo peke yake ni nguvu tu, protini yake haizidi sana gramu moja katika kila gramu mia, na mtoto anayelishwa muhogo mtupu atashiba bila kujengeka. Ndiyo maana hatukukubali upikwe bila kunde. Kunde tunazipanda katikati ya mistari wakati muhogo ungali mdogo; mizizi yake hurudisha naitrojeni ardhini, majani yake ni mboga, na punje zake huvunwa kabla muhogo haujafunga kivuli. Tunapanda muhogo mtamu tu, na kisamvu hutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, kwa sababu ya sumu ya sayanidi ambayo bibi mpishi haijui kwa jina hilo lakini anaijua kwa ladha.

Kikwazo kilichobaki ni malipo. Michango ya wazazi huingia kwa kuchelewa, na mkulima aliyeng'oa alfajiri hawezi kuambiwa angoje mwisho wa mwezi. Kwa sasa tunamlipa nusu siku hiyohiyo na nusu Ijumaa, utaratibu ambao haumfurahishi mtu yeyote.

Machi hii tumepanda upya, ekari moja, kwa pingili za aina ya Kiroba, baada ya kung'oa kila shina la mbegu na kukata mizizi yake mbele ya macho yetu. Mashina kumi na tisa tuliyachoma moto. Bibi mpishi hakutaka kujua habari za aina wala za mbegu. Ameomba mbuzi wa pili wa kukunia nazi, kwa sababu kwa nazi kumi na tano na mbuzi mmoja, saa sita humkuta angali amekalia kibao, kasimile haijakamuliwa, na watoto wamekwisha kupanga mstari na sahani zao.