Vashti Bunyan alinyamaza mara mbili

Wiki hii yote ni Vashti Bunyan tu kwenye simu yangu, yule mwimbaji wa Uingereza. Nikipika Vashti, nikiwa kwenye daladala Vashti, mpaka mdogo wangu kaniuliza huyu dada ana mafua au ndo sauti yake hiyo, maana kweli anaimba taratibu mno, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Wanaomjua wengi wanamjua kwa stori ya farasi. Ni stori tamu sikatai, ila naona imemfunika, ngoja niipitishe haraka. Mwaka 1968 yeye na mpenzi wake Robert Lewis walichukua mkokoteni wa kuvutwa na farasi, farasi mwenyewe jike anaitwa Bess, wakatoka kusini mwa Uingereza kwenda kisiwa cha Skye huko Scotland, sababu mwanamuziki Donovan alikuwa na mpango wa wasanii kuishi pamoja huko. Kwa mwendo wa farasi jamani! Baridi ikizidi wanatafuta pa kujisitiri, hali ikitulia wanaondoka tena, ikaenda hivyo karibu miaka miwili, na walipofika Donovan keshasepa. Wakasonga mbele hadi visiwa vya Outer Hebrides, mbali zaidi baharini. Njiani huko ndo akawa anatunga, nyimbo za farasi, za mbayuwayu, za upepo na mvua, na ukizisikiliza bila kujua chochote utadhani ile safari ilikuwa pikiniki.

Mi kinachoninyima usingizi ni kwamba huyu dada hakutaka kuwa mwimbaji wa foku, ule muziki wa kienyeji wa Kizungu, hata kidogo. Alitaka popu. Alizaliwa Newcastle 1945, akakulia London, akaenda kusoma sanaa Oxford wakamfukuza kwa sababu muda wa kuchora anautumia kwenye gitaa. Akiwa na miaka 18 akaenda New York, akasikia Bob Dylan, basi, habari ikaishia hapo, akarudi nyumbani anataka kuwa staa. Akaokotwa na Andrew Loog Oldham, yule yule maneja wa bendi ya Rolling Stones, na singo yake ya kwanza mwaka 1965 ikawa wimbo ulioandikwa na Mick Jagger na Keith Richards wa bendi hiyo hiyo. Sikia sasa, binti ana nyimbo zake mwenyewe kibao, anapewa wimbo wa wanaume wawili aimbe, wa kwake unawekwa upande wa pili wa sahani ya santuri! Na magazeti yakamwita Marianne Faithfull mpya, mwimbaji mwingine wa Oldham, yaani hata jina lake hawakumwachia. Haikuuza. Mwaka uliofuata akatoa nyingine, nayo kimya, na nyingine akarekodi zikabaki kabatini tu.

Ndo akapanda mkokoteni. Sasa mtu akiniambia alikimbilia kijijini kutafuta amani mi nabisha kidogo, mi naona mtu aliyechoka kuambiwa asubiri.

Halafu akaja Joe Boyd, prodyuza aliyekuwa anafanya kazi na wasanii wa foku kama Nick Drake na bendi ya Fairport Convention. Akamwingiza studio mwishoni mwa 1969, akamletea watu wa Fairport na wa bendi nyingine ya foku, Incredible String Band, wapige violini, mandolini, banjo, vitu hivyo. Ni wazuri, sina neno, lakini ndo vyombo vilivyompa lebo ya foku, na lebo hiyo amekuwa akiikataa mpaka uzeeni na watu bado wanambandika. Albamu ikaitwa Just Another Diamond Day, ikatoka Desemba 1970, yeye keshakuwa mama, wanunuzi wachache sana. Akaona basi. Akaacha.

Kuacha kwenyewe sasa. Kwa miaka 30 hivi alilea watoto watatu na wanyama, Scotland, Ireland, kisha Scotland tena, na amesema mwenyewe kwamba hata watoto wake hakuwaimbia. Hapo mi nilisimamisha nilichokuwa nafanya. Mama yangu mdogo alikuwa anaongoza sauti ya kwanza kwaya ya vijana, alipoolewa akaacha, na kwake hujawahi kumsikia hata akivumisha wimbo akiosha vyombo, redio ikipiga kwaya anatoka nje. Nilikuwa nadhani ni ulokole mkali. Sijui, siku hizi nadhani ni kitu kingine, ila siwezi kumuuliza, mi ni mtoto kwake.

Miaka ya tisini inaishia, Vashti ana kompyuta, anaandika jina lake kwenye intaneti, kumbe kuna watu wanaitafuta ile sahani kama dhahabu na wanauziana kwa bei za ajabu. Mwaka 2000 ikatolewa upya. Wanamuziki vijana kama Devendra Banhart na Joanna Newsom wakawa wanamheshimu kama bibi yao, wakamshirikisha, wakapiga kwenye albamu yake ya pili, Lookaftering, mwaka 2005 chini ya prodyuza Max Richter. Miaka 35 kati ya albamu na albamu! Mwaka 2006 wimbo wake wa zamani ukawekwa kwenye tangazo la kampuni ya simu ya T-Mobile, wimbo uliokataliwa na wote sasa unauza simu. Watu hapo ndo wanasema ona, haki hatimaye imepatikana. Mi naona kapata sifa, sawa, lakini ile miaka kaitumia kimya na hakuna wa kuirudisha, na nyimbo ambazo angetunga akiwa na miaka 30 au 40 hazipo popote.

Ndo maana mi nampendea zaidi Heartleap, albamu yake ya tatu ya 2014, ambayo haizungumzwi sana. Hiyo aliirekodi kwa sehemu kubwa nyumbani kwake Edinburgh, mwenyewe na kompyuta, na kinanda asichokijua vizuri, anapiga mkono mmoja, halafu mwingine, anaunganisha kipande kwa kipande, miaka inapita. Hakuna mandolini ya mtu. Ikitoka akasema ni ya mwisho, na tangu hapo hajatoa albamu nyingine, kaandika kitabu cha maisha yake tu kikatoka 2022. Mashabiki wanalalamika eti aongeze moja. Aongeze ya nini? Safari hii amenyamaza kwa kupenda kwake, akiwa keshasema yote alivyotaka yasikike.