Turubai moja, magunia saba

Turubai lenyewe ni la bluu, futi 12 kwa 18, na halikununuliwa kwa ajili ya mvua. Mjomba alilinunua Newala mjini aanikie korosho. Kona mbili hazina tena pete za kupitishia kamba: kuna mtu alilifunga nyuma ya pikipiki bila kulikunja vizuri, likajipiga njia nzima likachanika.

Siku hiyo ya Novemba tulikuwa watatu shambani: mjomba, binti yake wa darasa la tano, na mimi niliyetoka Mtwara likizo na viatu visivyofaa kwa mchanga. Kama saa tisa alasiri wingu likapanda kutoka upande wa Shimo la Mungu, lile bonde kubwa la Newala, jeusi kama sufuria ya shughuli. Nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu. Magunia saba yalikuwa yameshajaa, na bodaboda wa kuyabeba alisema atakuja jioni. Jioni ya bodaboda mnaijua.

Nikashika turubai nikasema tujifunike. Mjomba akaniangalia.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo), "wewe ukilowa utakauka. Korosho ikilowa inakuwa nyeusi, halafu ghalani wanakwambia daraja la pili."

Sikuwa na la kujibu. Ada yangu ya chuo ililipwa na daraja la kwanza.

Nikaanza kufunga kamba kwenye mkorosho mkubwa, ule wenye kivuli kizuri. Akakataa. Mvua ikiisha, majani yake yanaendelea kukudondoshea maji muda mrefu, na tawi la mkorosho halichelewi kukatika kwa upepo. Mwembe mrefu uliosimama peke yake nao akaukataa, kwa sababu ya radi. Tukahamia kwenye mikorosho michanga miwili, hatua kama tano kati yake. Mimi nikaweka kamba usawa wa kichwa, yeye akaishusha hadi kiunoni. "Unataka kucheza ngoma humo ndani?" Upepo ukikuta turubai limeinama, unapita juu yake. Ukilikuta limesimama, unalibeba.

Upande unaotoka upepo tulilalaza turubai hadi chini kabisa, upande wa pili tukauacha wazi. Vigingi nilivyochonga viling'oka kama vijiti kwenye uji, maana udongo wetu ni mchanga mtupu. Mjomba akaleta mifuko mitupu ya salfa iliyobaki tangu kupulizia mikorosho. Tukaijaza mchanga, tukaifunga kamba katikati kama mshipi, tukaifukia kina cha mkono hadi kiwiko. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, haikutikisika.

Zile kona zilizochanika ndizo zilizonifundisha. Mjomba alitoa korosho tatu kwenye gunia moja, akaziweka upande wa ndani wa turubai, akalikunjia mpaka zikawa fundo dogo kama ngumi ya mtoto, kisha akakaza kamba kwenye shingo yake. Hakuna tundu, hakuna pete. Kadiri kamba inavyovutwa ndivyo inavyozidi kukaba. Kona ya pili akafanya hivyo hivyo, korosho tatu nyingine.

Mimi nikachimba kamfereji upande wa juu wa mteremko, kina cha kiganja. Binti akatandaza matawi makavu, tukapanga magunia juu yake yasiguse ardhi, sisi tukajibanza pembeni na magoti kidevuni. Harufu ya mabibo (matunda ya mkorosho) yaliyooza, sitaki hata kuisimulia.

Ilipokuja, ilikuja yote. Baada ya muda nikahisi tone shingoni, na jingine. Turubai lilikuwa zima. Maji yalikuwa yanatembea juu ya kamba kutoka kwenye mti yakiingia ndani. Binti ndiye aliyeliona. Mjomba akachana ukanda wa kanga kuukuu, akautundika kwenye kamba nje kidogo ya turubai, akauacha uning'inie. Maji yakifika hapo yanashuka na kitambaa. Shingo yangu ikapona.

Mvua ilikatika kabla ya magharibi. Bodaboda alifika saa mbili usiku, kavu, akidai alikuwa njiani.

Wakati wa kufungua, mjomba alianza na zile kona mbili. Akazitoa korosho sita, akazipapasa: kavu. Akafungua gunia, akazirudisha.