Mradi: kubadilisha sili ya krenki kwenye kava ya taimingi, injini ya 1ZZ-FE

Gari ni Toyota Corolla, injini 1ZZ-FE ya cc 1794, cheni ya taimingi, gia za mkono. Tatizo: oili inadondoka upande wa cheni. Sili ni pete ya mpira kwenye kava ya cheni; mdomo wake huzuia oili isitoke pale krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inapotoka nje kushika puli, yaani gurudumu la mkanda.

Siku ya 1: kuhakikisha kabla ya kufungua

Kava ya taimingi imelowa kuanzia usawa wa puli ya krenki hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ndani ya madigadi ya kulia kuna madoa yaliyokaa kwa mstari mmoja, sawasawa na ukingo wa puli. Mstari huo ni dalili nzuri, maana oili inayotokea katikati ya puli hurushwa kwa duara. Ila hautoshi kuwa ushahidi. Kwenye 1ZZ-FE kuna sehemu tatu za juu ambazo oili yake hushuka na kuishia palepale: kona ya gasketi ya kava ya vali, ringi ya mpira ya tenshena, yaani kikaza cheni (hufungwa kutoka nje kwa nati mbili), na mstari wa silikoni kati ya kava ya taimingi na bloku. Ringi ya tenshena huvuja sana kwenye injini hizi. Wengi hubadilisha sili ya krenki isiyo na kasoro huku mvujo uko juu.

Njia rahisi ya kutenganisha ni poda. Upande wote uliooshwa kwa dawa ya kusafishia breki ukishakauka, unapakwa poda ya mtoto kwa brashi laini, halafu injini inaachwa iungurume dakika 15. Oili ya juu huchora mfereji unaoshuka. Hapa poda ya juu ilibaki nyeupe, na pete nyeusi ikajitokeza nyuma ya puli, ikinenepa upande wa chini. Ni sili.

Usitegemee kipimo cha oili kushuka. 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kuchoma oili kupitia ringi za pistoni, kwa hiyo oili inaweza kupungua bila tone hata moja kuanguka chini.

Kabla ya kununua sili, pima pumzi ya injini. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya sili mpya ivuje tena mapema. Injini ikiunguruma taratibu, toa mfuniko wa kujazia oili na ufunike tundu kwa glovu nyembamba ya mpira. Glovu ikivutwa ndani kidogo au ikitulia, ni sawa. Ikivimba, mvuke unaopenya pistoni hauna pa kutokea na unasukuma mdomo wa sili kutoka ndani. Hapa ilivimba. Vali ya PCV (inayotoa mvuke huo ndani ya injini na kuupeleka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa) ilipofunguliwa na kutikiswa haikulia hata kidogo. Vali isiyo na kasoro hulia tik-tik, hupitisha hewa kwa urahisi ukipuliza kutoka upande wa kava ya vali, na karibu haipitishi kabisa kutoka upande wa manifoldi. Hii ilikuwa imeganda kwa masizi. Imewekwa mpya, mpira wake umesafishwa, na glovu ikavutwa ndani.

Siku ya 2: kutoa puli na sili ya zamani

Oili haihitaji kumwagwa. Sili iko juu ya usawa wa oili, na upande wa kulia ukiinuliwa kwa jeki oili hukimbilia upande wa gia boksi. Gari liwe juu ya stendi, gurudumu la kulia litoke pamoja na kava la plastiki la ndani ya madigadi. Kabla ya kutoa mkanda, chora njia yake kwenye karatasi. Mkanda uliolowa oili usirudishwe: mpira wake umeshavimba na utateleza.

Bolti ya puli ina kichwa cha 19. Kwa gia za mkono, weka gia ya 5, mtu mwingine akanyage breki kwa nguvu, kisha tumia mpini mrefu. Kwa gia otomatiki, unahitaji chuma cha kushikilia puli kupitia matundu yake. Usifungue kwa kugonga stata huku mpini umeegemea fremu. Mpini ukiruka, unaruka na nguvu ya stata nzima. Wala usizungushe krenki kinyume na mzunguko wake wa kawaida.

Puli ikigoma, tumia pula ya bolti mbili inayoshika kwenye matundu yenye nyuzi ya katikati. Usiivute kwa kucha zinazoshika ukingo wa nje. Kati ya kitovu na ukingo kuna duara la mpira la kupunguza mtetemo, na ukivuta ukingo unachana mpira huo. Angalia pia kii isianguke. Ni kipande kidogo cha chuma kati ya krenki na puli, lakini bila hicho puli haikai sawasawa kwenye krenki.

Kutoa sili: kata mdomo wake kwa kisu kikali, kisha ng'oa kwa bisibisi iliyofungwa utepe nchani. Kava ni alumini, nayo inakwaruzika kirahisi; mkwaruzo wa urefu kwenye ukuta wa tundu ni njia mpya ya oili, hata sili ikiwa mpya. Egemeza bisibisi kwenye kipande cha mbao.

Mdomo wa sili ya zamani ulikuwa mgumu kama plastiki. Ukibonyezwa kwa kidole haurudi. Springi ya nyuma ya mdomo ilikuwa mahali pake, kwa hiyo haikuwa kosa la ufungaji. Ni joto na umri.

Sehemu ambayo puli inapanda kwenye sili

Mdomo wa sili haugusi krenki yenyewe. Unagusa shingo ya puli. Pitisha kucha ya kidole kuvuka mstari unaong'aa kwenye shingo hiyo. Kucha ikipita bila kukwama, msasa laini wa namba 600 wenye oili kidogo, ukizungushwa kwa mzunguko tu, unatosha. Usisugue kwa urefu, maana mistari ya urefu huingiza oili chini ya mdomo. Kucha ikikwama, huo ni mfereji na sili mpya itavuja.

Hapa ilikwama. Suluhisho ni mawili: puli mpya, au bushi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu. Bushi za SKF Speedi-Sleeve zina unene wa milimita 0.28, kwa hiyo sili ya kipimo kilekile inaendelea kutumika. Shingo ipimwe kwa mikromita mahali pasipoliwa, mara tatu kwa pembe tofauti, uchukue wastani. Mfereji mzito ujazwe kwanza epoksi ya chuma, na bushi ipigwe epoksi ikiwa bado mbichi, kwa kikombe kinachokuja nayo. Ukiipiga kwa nyundo moja kwa moja inajikunja.

Siku ya 3: sili mpya

Chukua vipimo kutoka kwenye uso wa sili ya zamani: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Ukipata ya FKM (mpira unaostahimili joto), chukua hiyo. NBR, mpira wa kawaida wa sili, huanza kukakamaa karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, FKM huhimili karibu 200.

Paka grisi nyembamba kwenye mdomo. Upande wenye springi uelekee ndani, kwenye oili. Onyo: sili za PTFE (plastiki inayoteleza, si mpira), zisizo na springi na zenye mdomo mpana unaong'aa, hufungwa kavu. Grisi inaziharibia ukaaji.

Igonge kwa kipande cha bomba chenye kipenyo karibu sawa na cha nje cha sili, kidogo kidogo kwa kuzunguka, mpaka uso wake ulingane na ukingo wa kava. Usiizamishe. Ikiingia kimshazari, itoe utafute nyingine. Hainyooki tena vizuri.

Shingo ya puli ipakwe oili, ilingane na kii, isukumwe kwa mkono huku ikizungushwa kidogo ili mdomo usijikunje, kisha ivutwe kwa bolti. Torki (nguvu ya kukazia) ya bolti ya puli ni 138 Nm, ya nati za gurudumu 103 Nm.

Ukaguzi

Baada ya dakika 10 za kuunguruma kulikuwa na tone moja chini ya puli. Lilikuwa oili ya zamani iliyobaki nyuma ya kitovu. Baada ya kufutwa halikurudi. Poda imepakwa tena baada ya kilomita 50, na tena kwenye 500. Nyeupe mara zote mbili.